Goa ya Kale, Mahame Yenye Makanisa

Msomaji akiitazama ramani ya Bara Hindi, na akiufuata kwa kidole ukingo wake wa magharibi kutoka Mumbai kwenda kusini, hatafika nusu ya safari kabla ya kuliona jimbo dogo liitwalo Goa. Mto Mandovi wapita katika jimbo hilo, na karibu na mlango wake, pale maji yaingiapo baharini, pana mji wa Panaji, makao ya serikali ya jimbo. Mtu akitoka Panaji akaufuata mto kwenda bara kwa kilomita 10 hivi, hufika mahali pa ajabu. Huona makanisa makubwa mno, meupe na mekundu, yamesimama kati ya minazi na majani, wala haoni mji. Hakuna mitaa, hakuna msongamano wa nyumba, wala moshi wa mapishi ya watu maelfu. Hapo ndipo Goa ya Kale.

Waswahili wana neno kwa mahali kama hapo: mahame. Watu wa pwani ya Kenya wanayajua mahame ya Gedi, karibu na Malindi, ambako misikiti na nyumba zimebaki kuta tupu kati ya miti. Lakini Goa ya Kale si kama Gedi. Huko nyumba za watu zimekwisha, hata ni vigumu kujua zilisimama wapi. Bali nyumba za ibada zingali na mapaa yake, kengele zake zalia, na watu waja kusali. Kwa sababu hiyo mgeni huuliza maswali mawili: waliojenga haya yote walikuwa nani, tena walikwenda wapi?

Wareno hawakuuanzisha mji huu. Waliukuta mikononi mwa wafalme Waislamu wa Bijapur, ambao cheo chao kilikuwa Adil Shah, nayo bandari yake ilikuwa ikipokea farasi kutoka Arabuni na Uajemi. Mwaka 1510 Afonso de Albuquerque aliuteka mji, akafukuzwa baada ya miezi michache, akarudi na merikebu zake, na tarehe 25 Novemba mwaka ule ule akauteka tena. Siku zilizofuata askari wake waliwaua Waislamu wa mji, wanaume kwa wanawake na watoto. Naye mwenyewe alimwandikia mfalme wake habari hiyo pasipo kuficha neno. Tangu mwaka 1530 Goa ikawa makao makuu ya Wareno katika bahari yote ya Hindi. Hapo alikaa makamu wa mfalme, na amri yake ilifika Msumbiji, Mombasa, Hormuz, Malaka, hata Macau katika China. Ngome ya Mombasa iitwayo Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliani aliyekuwa mkuu wa wajenzi wa Wareno katika nchi za mashariki. Basi mtoto wa Mombasa atembeleaye Goa ya Kale anakwenda kuiona nyumba walimokaa wale waliotaka kuwatawala babu zake.

Matembezi yafaa kuanzia mtoni, maana watu wa zamani waliingia mjini kwa mto. Karibu na gati lipo tao la mawe, nalo ndilo lililokuwa mlango wa mji. Lilijengwa na Francisco da Gama, aliyefika kuwa makamu wa mfalme mwaka 1597. Huyu alikuwa kitukuu cha Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Malindi mwaka 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Na kitukuu hakumsahau babu yake, akaiweka sanamu yake juu ya tao. Kila makamu mpya alipofika kutoka Ureno alipita chini yake kwa fahari, mbele ya askari na mapadre, ndipo akashika madaraka. Ila mgeni asidhani ya kuwa kila jiwe alionalo hapo ni la kale, kwa maana tao liliharibika sana, likajengwa upya mwaka 1954.

Zamani, mtu akipita tao alijikuta katika njia kuu ya mji, nayo Wareno waliita Njia Iliyonyoka. Leo ni barabara tulivu yenye miti. Lakini Mholanzi mmoja, Jan Huygen van Linschoten, aliyekaa Goa kati ya mwaka 1583 na 1588 akiwa karani wa askofu mkuu, aliyaona mambo ya njia hiyo na kuyaandika. Kila siku asubuhi, isipokuwa sikukuu, palikuwa na mnada. Ziliuzwa nguo za hariri, vito, manukato, farasi wa Arabuni. Na katikati ya vitu hivyo waliuzwa watu. Wengi wao walikuwa Waafrika walioletwa na merikebu kutoka Msumbiji. Walinadiwa kama farasi, wakatazamwa kama farasi. Tajiri wa Goa hakutoka nyumbani kwake ila amefuatwa na watumwa, mmoja amshikie mwavuli, mwingine achukue upanga wake. Majina yao hayakuandikwa popote katika makanisa yale, na ni wachache kati ya wageni wanaokumbushwa habari zao.

Mfaransa mmoja, François Pyrard, aliyelazwa katika hospitali ya mfalme mjini humo mwaka 1608, naye alistaajabu kwa namna nyingine. Wagonjwa, akasema, walipewa chakula katika sahani za fedha na vyombo vya kauri vya China. Yasemekana ya kuwa siku za utajiri wake mji ulikuwa na watu wapatao 200,000. Hospitali ile haipo tena, wala zile sahani.

Mbele kidogo, karibu na kanisa la Mtakatifu Cajetan lenye kuba lililoigwa kwa lile la Mtakatifu Petro la Roma, pamesimama kitu ambacho mwenye haraka hukipita bila kukiona. Ni mlango peke yake: nguzo za jiwe jeusi lililochongwa kwa mtindo wa Kihindi, na kizingiti juu yake, na ngazi chache. Nyuma ya mlango hakuna nyumba. Hicho ndicho kilichobaki cha jumba la Adil Shah. Wareno walilitwaa wakalikaa, kisha wakaliacha, kisha likabomolewa. Jambo hili lafaa kuangaliwa sana, maana linaonyesha kwamba mji wa Wareno nao ulikuwa umesimama juu ya mji wa watu wengine. Tena mahekalu ya Wahindu katika kisiwa hicho yalikuwa yamevunjwa kwa amri mwaka 1540, na wenye kushika dini yao iliwapasa kuvuka mto na kuabudu ng'ambo.

Kanisa kuu la mji limepewa jina la Mtakatifu Katarina, kwa kuwa mji ulitekwa siku ya sikukuu yake. Lilianza kujengwa mwaka 1562, na kuta na paa zilikwisha mwaka 1619. Urefu wake ni kama meta 76. Mtu asimamaye mlangoni huona upesi kwamba lina kasoro: upande mmoja una mnara, upande wa pili hauna. Palikuwa na minara miwili, mmoja ukaanguka mwaka 1776, na wakati huo mji haukuwa na fedha wala watu wa kuujenga tena. Katika mnara uliobaki imo kengele kubwa iitwayo Kengele ya Dhahabu, kwa ajili ya sauti yake njema. Wareno huliita kanisa igreja, na wajuzi wa lugha wasema kwamba neno la Kiswahili gereza limetoka humo. Jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa kifungo katika vinywa vya watu wa pwani, aliyeijua Ngome ya Mombasa siku zile hangeuliza.

Na katika Goa mambo hayo mawili, kanisa na kifungo, yalikuwa jirani. Karibu na kanisa kuu palikuwa na jumba ambalo wenyeji waliliita kwa lugha yao ya Kikonkani «nyumba kubwa». Humo lilikaa Baraza la Kuchungua Imani, tangu mwaka 1560 hata 1812, likakoma kwa miaka michache tu katikati. Kazi yake ilikuwa kuwakamata Wakristo walioshukiwa kurudia kwa siri dini ya Kiyahudi, au ya Kihindu, au ya Kiislamu. Waliokamatwa hawakuambiwa ni nani aliyewashitaki. Wengi walinyang'anywa mali zao, wengine walipelekwa kufanya kazi ngumu, na wengine walichomwa moto. Katika mji huo aliishi tabibu Garcia de Orta, mwenye asili ya Kiyahudi, aliyechapisha huko Goa mwaka 1563 kitabu cha miti na dawa za Bara Hindi, nacho kikasifiwa na waganga wa Ulaya. Yeye alikufa kitandani mwake mwaka 1568. Mwaka uliofuata dada yake Catarina akachomwa moto. Na mwaka 1580 Baraza likaamuru mifupa ya tabibu mwenyewe ifukuliwe, ikachomwa. Jumba lile limevunjwa, na mahali pake ni uwanja wa majani.

Mkabala wa kanisa kuu, ng'ambo ya barabara, liko kanisa la Bom Jesus, maana yake Yesu Mwema, nalo ndilo lijulikanalo kuliko yote. Lilianza mwaka 1594, likawekwa wakfu mwaka 1605. Humo umelazwa mwili wa Fransisko Xavier, padre wa shirika la Wajesuiti. Safari yake ya kwenda Goa ilipita Afrika: alikaa miezi mingi Msumbiji akingoja pepo, akiwauguza wagonjwa, kisha merikebu ikatia nanga Malindi. Huko alimzika Mreno mmoja aliyekufa melini, akazungumza na mzee mmoja wa Kiislamu. Mzee yule alimlalamikia ya kwamba ibada imepungua, maana mji una misikiti 17, lakini ni mitatu tu iendewayo na watu. Habari hiyo Xavier aliiandika katika barua baada ya kufika Goa mwezi wa Mei 1542. Yeye alihubiri Bara Hindi, Malaka na Japani, akafa mwaka 1552 katika kisiwa kimoja cha pwani ya China. Mwili wake ulizikwa huko, ukafukuliwa na kupelekwa Malaka, kisha ukaletwa Goa mwaka 1554, nao ulikuwa haujaharibika. Mwaka 1614 mkono wake wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko, ukapelekwa Roma, na hata leo uko huko. Jeneza lake ni la fedha, nalo limewekwa juu ya kaburi la marumaru lililotolewa zawadi na mtawala wa Toscana katika nchi ya Italia, likakamilika kusimamishwa mwaka 1698. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, Waarabu wa Omani waliingia Ngome ya Mombasa baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Kila baada ya miaka 10 mwili huo huchukuliwa mpaka kanisa kuu ili watu wauone. Mara ya karibuni ilikuwa kuanzia Novemba 2024 mpaka Januari 2025. Siku hizo mahame hayawi mahame tena. Watu huja kwa mamia ya maelfu, wala si Wakristo peke yao. Wahindu wengi wa Goa nao husimama katika safu, kwa kuwa humhesabu Xavier kuwa mlinzi wa nchi yao.

Kanisa la Bom Jesus ni jekundu, na wageni huupenda wekundu huo, lakini haukuwa mpango wa wajenzi. Jiwe la nchi ile ni jiwe jekundu lenye vitundu vingi. Hukatwa kwa urahisi likiwa ardhini, kisha hukazika kwa jua. Bali mvua ikilipiga siku zote huliwa kidogo kidogo. Kwa hiyo mafundi wa kale walilipaka lipu ya chokaa, na makanisa mengine ya Goa hupakwa mpaka leo, ndiyo sababu ni meupe. Katika miaka ya 1950 lipu ya Bom Jesus ilibanduliwa ili kanisa lionekane la kale zaidi. Tangu hapo masika ya Goa, ambayo huanza mwezi wa Juni, yanalila jiwe. Wapo mafundi wanaoomba chokaa irudishwe, na wapo wasiotaka, kwa kuwa wamekwisha kulizoea kanisa jekundu.

Jiwe hilo hilo latusaidia kujibu swali la pili la mgeni, kwamba watu walikwenda wapi. Hawakufukuzwa na adui. Waliuawa na maji ya visima vyao. Ardhi ya mji ilikuwa ya mawe yale yenye vitundu. Uchafu wa vyoo ukapenya chini ukafika visimani, na watu walipokunywa waliugua kipindupindu na magonjwa ya tumbo. Pamoja na hayo palikuwa na mabwawa yenye mbu, na homa ya malaria. Ugonjwa ulirudi tena na tena, na waganga wa siku zile hawakujua asili yake. Walidhani ni hewa mbaya. Kila mwaka merikebu zilileta askari vijana kutoka Ureno, na kila mwaka wengi wao walizikwa kabla ya kuizoea nchi.

Wakati huo huo biashara ilikuwa ikitoka mikononi mwa Wareno. Yule karani Linschoten alirudi kwao, na mwaka 1596 kitabu chake kikachapishwa, kikiwa na ramani na njia za bahari ambazo Wareno walizificha. Waholanzi wakazifuata njia hizo. Walikuja kuuziba mlango wa Mandovi kwa merikebu za vita, wakaitwaa Malaka mwaka 1641 na Cochin mwaka 1663. Mji usio na biashara na wenye maji ya sumu ni nani atakaa? Mwaka 1695 makamu wa mfalme alihamia nje ya mji, na mwaka 1759 makao yake yakawa Panaji. Kufikia mwaka 1775 watu wa mji wote walikuwa wapata 1,500. Majumba yalibomolewa na mawe yake yakachukuliwa kujengea Panaji. Makanisa hayakuguswa, maana yalikuwa na wenyewe, yaani mashirika ya mapadre na watawa.

Nchi ya Goa yenyewe haikufa. Vijiji vyake vilijaa watu, na wengi walivuka bahari kutafuta kazi; Unguja, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam zilipata kutoka huko makarani, washonaji, wapishi na walimu. Mikorosho, ambayo Wareno waliileta kutoka Brazil, yaota Goa kama iotavyo Lindi na Mtwara. Utawala wa Wareno ulikwisha mwezi wa Desemba 1961, majeshi ya India yalipoingia. Mwaka 1986 makanisa ya Goa ya Kale yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Jengo moja si kanisa zima tena, nalo liko kilimani, upande wa magharibi. Ni mnara mwekundu wenye urefu wa meta 46, yaani kama minazi miwili mirefu mmoja juu ya mwingine, nao umepasuliwa toka juu mpaka chini kama gogo lililochanjwa. Hapo palikuwa na kanisa la watawa wa Augustino, lililojengwa kati ya mwaka 1597 na 1602, pamoja na nyumba yao kubwa. Serikali ya Ureno iliyavunja mashirika ya watawa, na mwaka 1835 nyumba hiyo ikaachwa. Mwaka 1842 paa la kanisa likaanguka. Leo mtu hutembea juu ya mawe ya makaburi yaliyokuwa sakafu ya kanisa, na juu yake ni mbingu. Wachimbaji wa mambo ya kale walitafuta hapo mifupa ya Malkia Ketevan wa Georgia, aliyeuawa Uajemi mwaka 1624 kwa kukataa kuacha dini yake, na ambaye watawa hao walileta baadhi ya mifupa yake Goa. Waliuona mfupa mmoja karibu na dirisha, kama maandiko ya zamani yalivyosema, na vipimo vikawahakikishia; mwaka 2021 India ikaikabidhi Georgia.

Katika nyumba hiyo ya watawa alilelewa pia mtoto wa Mombasa, Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na kapteni Mreno wa Ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila mwaka 1614. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto naye akapelekwa mji huo huo. Watawa wa Augustino walimfundisha kusoma na kuandika Kireno, wakambatiza jina la Jerónimo. Alipokuwa mtu mzima Wareno walimrudisha Mombasa awe mfalme, wakitumaini kwamba atakuwa mtu wao. Yasemekana ya kuwa alionekana akienda usiku kwenye kaburi la baba yake na kusali kwa desturi ya Kiislamu, na kapteni akakusudia kumpeleka Goa, mbele ya Baraza la Kuchungua Imani. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia Ngomeni kana kwamba amekuja kumwamkia kapteni, akamchoma jambia. Siku zile waliuawa mapadre wa Augustino, ndugu wa wale waliomlea, na Wareno wengi pamoja na Waafrika waliokuwa Wakristo. Goa ikatuma merikebu za vita, zikashindwa kuitwaa Ngome. Mwaka uliofuata Yusuf mwenyewe aliihama, akawa haramia baharini, na baada ya miaka michache akafa katika pande za Bahari ya Sham.

Mnara wa walezi wake ulisimama mzima mpaka mwaka 1931. Mwaka huo uso wa kanisa ukaanguka, na nusu ya mnara pamoja nao.